Ushahidi Tuliouficha



Mara nyingi tuandikapo hapa huwa tunajibu mas'ala ya wengine: ya swaumu, ya eda, ya mahari, ya ulezi wa watoto. Leo tunaleta mas'ala tuliyoulizwa sisi, yanayotuhusu sisi, na ambayo jibu lake tulilijua kabla muulizaji hajamaliza kusema. Tumewaomba idhini wenye habari hii, nao wametukubalia kwa sharti kwamba majina yao yasitajwe wala mtaa wao usijulikane. Sharti hilo tumelishika.

Miaka kadhaa iliyopita tuliitwa kuketi pamoja na wazee wengine katika baraza la kuwapiga msasa vijana waliotaka vitambulisho. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa baraza hilo lilivyo. Kuna meza, kuna ofisa na daftari lake, kuna wazee wanne watano wenye kofia na bakora, na nje, chini ya mwarobaini, kuna benchi refu ambalo vijana huketi tangu alfajiri wakiwa na bahasha mikononi. Kijana mwenye jina lililozoeleka huulizwa maswali mawili akapita. Kijana mwenye jina la Kiarabu, au mwenye sura ya Kisomali, au ambaye babake anajulikana kwa jina la kisiwa alikotoka, huulizwa babu yake alizaliwa wapi, alizikwa wapi, na karatasi zake ziko wapi.

Siku hiyo aliingia binti tuliyemsomesha sisi wenyewe chuoni kwetu tangu alifu hadi alipohitimu, akawa hutusaidia kuwasomesha wadogo wake. Mkononi alikuwa na cheti chake cha kuzaliwa, cheti cha mtihani wa kidato cha nne, na nakala ya kitambulisho cha mama yake. Baba yake alikuwa mvuvi aliyeletwa kutoka Pemba akiwa bado anabebwa mgongoni. Alikulia huku, akaoa huku, akafa maji huku, bila ya kupata kipande. Ofisa alivikagua vile vyeti, kisha akauliza kitambulisho cha baba. Binti akasema hakipo. Akauliza cha babu mzaa baba. Hakipo. Mzee mmoja akasema, kwa sauti ya chini lakini ya kusikika, kwamba watu hawa wa mashua haujulikani mwanzo wao. Ofisa akatugeukia sote akauliza kama yuko anayemjua.

Sisi tulimjua. Nikaha ya wazazi wake tuliifungisha sisi. Babu yake mzaa mama, aliyezaliwa na kuzikwa mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kwenye meza ile, tulimswalia sisi. Lakini siku zile maneno yalikuwa mengi kuhusu usalama na wageni, na ilikwisha semwa pembeni kwamba masheikh ndio wanaowapitisha watu wasio wenyeji. Tukahofu kwamba tukisema tutaonekana tunapendelea wetu. Tukainamisha kichwa, tukaendelea kuvuta tasbihi. Faili ikafungwa, na binti akaambiwa arudi siku atakapopata karatasi za baba yake, yaani karatasi za maiti ambaye hakuwahi kuwa nazo.

Alipokuwa akitoka alitupa mkono wa salamu kama desturi ya mwanafunzi kwa mwalimu wake. Hakutulaumu, na hilo lilitukera zaidi kuliko lawama.

Miezi minane baadaye, baada ya swala ya alasiri, mama yake alikuja nyumbani kwetu. Ni mwanamke tunayemheshimu: mjane, muuza mahamri, aliyewalea watoto wanne kwa karai na jiko la makaa. Aliketi ukumbini na mke wetu, akaomba tuitwe. Akasema, "Maalim, sikuja kugombana. Nimekuja na mas'ala. Shahidi anayeijua haki ya mtu, akaitwa aseme akanyamaza, hukumu yake nini?"

Tulilijua jibu. Tumelisomesha miaka zaidi ya 20. Mwishoni mwa Suratul Baqara, pale yanapotajwa mambo ya kukopeshana na kuandikiana, Mwenyezi Mungu amekataza kuficha ushahidi, na akauhusisha ufichaji huo na dhambi ya moyo. Hatukuwa na pa kukimbilia. Tukamwambia, "Ni mwenye dhambi, mama." Akainua kichwa, akasema, "Basi nilitaka kujua tu." Kisha akatueleza, bila kulia, yaliyompata mwanawe. Nafasi ya kusomea uuguzi ilikuja ikapita, kwa kuwa mkopo wa masomo hauombwi bila kitambulisho. Laini ya simu anayotumia imeandikishwa kwa jina la jirani. Benki hawamfungulii akaunti. Uchaguzi ukija hatapiga kura. Mwishowe akasema neno ambalo hadi leo halijatutoka masikioni: "Mwanangu mchana hatoki tena, Maalim. Asema akisimamishwa barabarani hana la kuonyesha kuwa yeye ni mtu."

Usiku ule tulijihesabu. Tulijiuliza kwa nini mtu ambaye hawezi kuficha ushahidi wa deni la shilingi mia tano aliweza kuuficha ushahidi wa maisha ya binti. Tuliona kwamba mbali na woga, kulikuwa na ujinga. Katika nafsi yetu tulikuwa tumeyagawanya mambo mafungu mawili. Fungu la kwanza tulilihesabu kuwa ni haki hasa: mirathi, mahari, matunzo, amana. Fungu la pili, la vitambulisho, pasipoti na kura, tulilihesabu kuwa ni mambo ya serikali, hisani ya mkubwa kwa mdogo, akitaka hutoa na asipotaka hunyima. Kwa hivyo binti alipokataliwa, tuliona amekosa bahati. Hatukuona kwamba amedhulumiwa.

Tukaamua kuisoma Katiba. Ni aibu kusema, lakini tulikuwa hatujaisoma. Katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010, sisi masheikh tulishughulishwa mno na jambo moja, Mahakama za Kadhi, kwa kuwa wako waliotaka ziondolewe. Tulikesha tukizitetea, na Alhamdulillah zikabaki. Katiba ilipotangazwa tarehe 27 Agosti mwaka ule, tulikuwa tunakijua kifungu cha 170 kinachomhusu Kadhi, na zaidi ya hapo hatukujua mengi. Tulikuwa kama mtu aliyepigania mlango wa chumba kimoja, akasahau kuwa nyumba yote ni yake.

Kifungu kilichotusimamisha ni cha 19. Humo imeelezwa kwamba haki na uhuru wa kimsingi ni mali ya kila mtu binafsi, na kwamba si Dola iliyompa. Tulikisoma mara tatu. Wanavyuoni wa sheria huita hizi haki za asili, kwa maana mtu huja nazo duniani: uhai wake, utu wake, dini yake, nasaba yake, mali aliyoichuma kwa halali. Jambo hilo halikuwa geni kwetu. Suratul Israa inatufundisha kwamba Mwenyezi Mungu amewatukuza wana wa Adamu, na utukufu huo amewapa kabla hakujakuwa na chifu wala ofisa. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka wa 505 Hijria, sawa na 1111 Miladia, aliyataja mambo matano ambayo Sharia imekuja kuyahifadhi: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Tuliyahifadhi matano haya tukiwa vijana. Hatukuwahi kujiuliza kizazi cha maskini kitahifadhiwa vipi katika nchi ambayo asiye na karatasi hahesabiwi.

Hapo ndipo haki za kiraia zinapoingia. Haki ya asili ni kama maji ya kisima: hayakuumbwa na kamba wala ndoo. Lakini mwenye kiu asiye na ndoo atasimama ukingoni akiyatazama. Kura, pasipoti, mahakama, mkopo wa masomo na kitambulisho ni ndoo. Ndoo hutengenezwa na watu, kwa hivyo watu wanaweza kuiwekea utaratibu: umri, fomu, alama za vidole. Wasichoweza ni kuificha ndoo kisha wakasema kisima si cha fulani. Nasi siku ile tuliketi ukingoni tukijua ndoo iko wapi.

Tukaendelea kusoma. Kifungu cha 14 kinasema kwamba mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa, mama yake au baba yake alikuwa raia wa Kenya. Mama au baba. Binti yule alikuwa amebeba nakala ya kitambulisho cha mama yake! Kile alichodaiwa, sheria kuu ya nchi haikumdai. Kifungu cha 12 kinampa kila raia haki ya pasipoti na ya hati za utambulisho ambazo Dola huwapa raia. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa. Na kifungu cha 47 kinasema kwamba uamuzi wa ofisi ya umma sharti uwe wa haraka, wa kisheria, wa busara na wa haki, na kwamba mtu ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi huo anastahili kupewa sababu zake kwa maandishi. Binti yule hakupewa sababu kwa maandishi. Alipewa bahasha yake.

Neno hili "mama au baba" tungependa mama zetu na dada zetu walisome kwa utulivu, kwa maana halikuwapo zamani. Chini ya katiba iliyotangulia, mtoto aliyezaliwa nje ya nchi alirithi uraia kwa baba pekee. Mume Mkenya aliweza kumwombea uraia mke wake mgeni, lakini mke Mkenya hakuweza kumwombea mumewe. Watu wa pwani, ambao tangu kale tumeoana na Zanzibar, na Oman, na Yemen, na Visiwa vya Ngazija, tuliumizwa na sheria ile kuliko wengi. Leo mtoto wa mama Mkenya ni Mkenya, popote alipozaliwa, na mwenzi mgeni, mume au mke, anaweza kuomba uraia baada ya ndoa kudumu miaka saba.

Hata kile kipande chenyewe kina historia ambayo vijana wetu hawaijui. Wakoloni walitunga sheria ya kuwaandikisha Waafrika mwaka wa 1915, wakaanza kuitekeleza baada ya vita vya kwanza vya dunia. Kila mwanamume Mwafrika aliyezidi miaka 16 alitakiwa awe na kipande, na wengi walikivaa shingoni katika kijaluba cha chuma. Kilikuwa ni kamba ya kumfunga mtu asimkimbie mwajiri wake. Wanawake hawakuandikishwa, ni mwaka wa 1978 ndipo sheria ilipobadilishwa wakaanza kupewa vitambulisho. Tunakumbuka mama yetu alivyorudi kutoka kuchukuliwa alama za vidole, buibui limeingia wino, akatucheka alipoona tunamtazama vidole. Kitu kilichoanza kama minyororo ya wanaume kikageuka kuwa ufunguo wa haki za wote. Lakini ufunguo huo ulibaki mikononi mwa waamuzi, na katika baraza lile tulikuwa mmoja wao.

Binti yetu hakuwa peke yake. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao waliletwa kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, waliishi miongo mingi bila uraia. Oktoba 2016 walitoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi kudai haki yao, na mwaka uliofuata wakaanza kupewa vitambulisho. Wapemba wa Kilifi na Kwale, watu wa bahari na Waislamu wenzetu, walingoja hadi 2023 ndipo wakatambuliwa rasmi kuwa ni jamii mojawapo ya Kenya. Hao walikuwa wamesali nasi safu moja, wakatuuzia samaki, wakatuozesha mabinti. Sisi tuliokuwa na mimbari tuliwaombea dua. Hatukuwaandikia barua.

Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa msasa wa ziada waliokuwa wakipigwa watu wa kaskazini na wa maeneo ya mipakani. Tulishukuru. Hata hivyo tunasema wazi kwamba tangazo linaweza kutanguliwa na jingine, na ofisa anaweza kuliacha mlangoni. Haki ya mtu isingojee hotuba. Ilikuwa yake kabla ya hotuba.

Wako watakaotuuliza: Maalim, nyinyi ni watu wa Sharia, mna nini na Katiba, kitabu kilichoandikwa na watu? Tunajibu kwa adabu. Katiba si Qur'ani, na hatusemi kila kilichomo kinalingana na tunavyoamini. Yenyewe imelitambua hilo, ndiyo maana kifungu cha 24 kimeiachia nafasi Sharia mbele ya Mahakama za Kadhi, kwa Waislamu, katika mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Lakini Mtume wetu (s.a.w.) alipofika Madina alifunga mkataba na makabila yaliyokuwapo, wakiwemo wasiokuwa Waislamu, na akautimiza. Katiba ni ahadi baina yetu na majirani zetu, na Muislamu akiahidi hutimiza. Inapokuja kumrudishia mdhulumiwa haki yake, hatuoni mgongano wowote. Tunaona amri mbili zinazoelekea njia moja.

Na kama mwanamke ataona haya kudai haki yake mbele ya wakubwa, na amkumbuke Bi Khaula bint Tha'laba (Mwenyezi Mungu amridhie). Mumewe alimfanyia dhihari, desturi ya kijahiliya iliyomwacha mke si mke wala si mtalaka. Alikwenda kwa Mtume (s.a.w.), akajadiliana naye, akarudia maneno yake, hakukubali kuondoka bila jawabu. Suratul Mujadila ikateremka ikianza kwa kutaja kwamba Mwenyezi Mungu ameyasikia maneno yake. Imepokewa kwamba miaka mingi baadaye, Sayyidna Umar akiwa Khalifa, bibi huyo alimsimamisha njiani akamnasihi, naye akasimama akamsikiliza mpaka akamaliza. Sura hiyo binti yule aliisoma kwetu. Tafsiri yake tuliitoa sisi, kwa sauti kubwa, tukijiona tunajua.

Wiki iliyofuata ziara ya mama yake, tuliandika ushahidi wetu kwa mkono, tukaeleza nikaha tuliyoifungisha na maiti tuliyemswalia, tukautia saini. Tulimshika mama mkono mmoja, na mkono mwingine tulishika Katiba, tukarudi kwenye ofisi ile pamoja na binti. Ofisa hakufurahi. Alituuliza, "Sheikh, siku ile ulikuwa wapi?" Tukamjibu, "Nilikuwa hapa, nikaogopa." Tulikuwa tumejiandaa kubishana, lakini jibu lile lilimnyamazisha. Tukamwomba kwamba ikiwa ombi litakataliwa mara ya pili, basi sababu ziandikwe, kama kifungu cha 47 kinavyotaka. Aliusoma ushahidi, akafungua faili. Ilichukua miezi mingine, na safari tatu za kuulizia, mpaka kadi ikatoka. Mwaka wa masomo uliopotea haukurudi. Binti alijiunga na chuo pamoja na wadogo zake kiumri.

Wasomaji wetu, tungekuwa waongo kama tungemaliza hapa, lawama yote tukaiacha mezani kwa ofisa. Kifungu cha 20 kinasema kwamba haki hizi zinazifunga taasisi zote za Dola na watu wote pia. Watu wote ni pamoja na waume, na baba, na kaka. Tangu tulipoanza kulifuatilia jambo hili tumekuta mambo majumbani mwetu ambayo hayakuletwa na serikali. Tumekuta mume anayemfungia mkewe kitambulisho kabatini ili asiende popote bila yeye kujua. Tumekuta baba aliyewaandikisha watoto wa kiume, na wa kike akasema wataandikishwa na waume zao. Tumekuta ndugu waliogawana shamba la marehemu, dada yao hana cheti cha kuzaliwa cha kuonyesha kuwa ni mtoto wa marehemu, nao wanaujua ukweli na wanakaa kimya. Mwenyezi Mungu ameitaja sehemu ya binti katika Suratun Nisaa kwa hesabu iliyo wazi. Anayeipoteza kwa kuficha karatasi ni sawa na anayeipora kwa panga.

Kwa hivyo tunausia mambo machache, na tunaanza na nafsi yetu.

Mtoto akizaliwa, aadhiniwe, achinjiwe akika, na aandikishwe. Aliyezaliwa hospitali hupewa karatasi ya kuarifu uzazi. Aliyezaliwa nyumbani, habari ipelekwe kwa naibu wa chifu. Sheria imeweka miezi sita. Baada ya hapo mambo huwa mazito. Ndoa ikifungwa, isajiliwe na cheti kichukuliwe, na bibi harusi awe na nakala yake mwenyewe, kwa kuwa siku ya kudai matunzo au mirathi mbele ya Kadhi, karatasi ile ndiyo itakayosema mwanzo. Maiti akizikwa, kibali cha mazishi na cheti cha kifo vishughulikiwe, visiachwe eti tuko msibani. Kila mwanamke aliyefika miaka 18 awe na kitambulisho chake, na kikae kwake.

Wenye vijana wa kiume wawafundishe pia kifungu cha 49: mtu akikamatwa ana haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, ana haki ya kunyamaza, ana haki ya kuwasiliana na wakili, na afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa muda huo umeangukia siku zisizo za kazi. Na kifungu cha 25 kimezitaja haki zisizoweza kupunguzwa kwa hali yoyote, miongoni mwake kutoteswa na kutotiwa utumwani. Mama anayeyajua haya hatabaki kulia nje ya kituo cha polisi. Atauliza, na swali lake litakuwa na uzito.

Na mwenye kuitwa kushuhudia, ashuhudie. Akiwa ni mzee wa mtaa, imamu, mkunga au jirani, asidhani kwamba kunyamaza ni salama. Tumelijaribu hilo. Si salama.

Limebaki la mwisho. Tunafundisha kwamba haki ya Mwenyezi Mungu mja akitubia husamehewa, ama haki ya mja mwenzio, sharti umwombe mwenyewe. Tulikwenda kwa yule mama kumwomba radhi. Alikuwa akikanda unga. Akasema, "Langu nimekusamehe, Maalim. La mwanangu mwombe yeye, haki ni yake." Tulistaajabu. Hakuwahi kukisoma kifungu cha 19, na amekieleza kwa maneno machache kuliko kilivyoandikwa.

Binti tulimkuta likizo, amekuja na vitabu vyake vya uuguzi. Tukasema tuliyokuja kuyasema. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Nimekusamehe, Maalim. Lakini wako wengine bado wako pale kwenye benchi."

Tangu siku hiyo, Jumanne na Alhamisi, tukiwa na afya, huenda tukaketi kwenye benchi lile pamoja na vijana, tukiwa na kalamu na nakala ya Katiba. Hatuingii ndani mpaka tuitwe. Mwenye kijana aliyekwama, na aje naye. Na mwenye kujua kusoma na kuandika, awe mwanamume au mwanamke, nafasi ya kuketi bado ipo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyaficha, atupe ulimi wa kweli siku tunapoulizwa hapa duniani, kabla hatujaulizwa kule. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.